Mcheza Kwao Hutuzwa Lini? Fanani, Hadhira na Fursa za Sanaa katika Chuo cha Jamii cha East Los Angeles

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Chuo cha East Los Angeles, ambacho ni chuo cha jamii katika jimbo la California nchini Marekani, kilivyowafungulia wanafunzi wake milango ya sanaa tangu mwaka 1957. Matukio matatu yanachunguzwa: zawadi ya kazi 90 za sanaa iliyotolewa na mwigizaji Vincent Price na mkewe Mary Grant Price, mchoro wa ukutani wa Roberto Chavez uliofutwa mwaka 1979, na maonesho ya picha za Laura Aguilar yaliyofunguliwa mwaka 2017. Kwa kutumia dhana za fanani na hadhira kama zinavyoeleweka katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili, makala yanadai kwamba fursa ya sanaa haikamiliki kwa mwanafunzi kuoneshwa kazi za wengine. Hukamilika pale anapoweza kutenda na kuonekana mahali pale pale anaposomea, na kwa wakati unaomfaa.

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu sanaa katika vyuo vya jamii hutawaliwa na hesabu ya matukio. Huulizwa ni maonesho mangapi yamefanyika katika mwaka wa masomo, wageni wangapi wamealikwa na wanafunzi wangapi wamehudhuria. Hesabu hiyo ina manufaa yake kwa watawala wanaogawa fedha, lakini haielezi uhusiano uliopo kati ya mwanafunzi na sanaa anayoletewa. Mwanafunzi anaweza kuhudhuria matukio yote ya mwaka na bado akatoka chuoni akiamini kwamba sanaa hufanywa na watu wa mahali pengine.

Chuo cha East Los Angeles kinafaa kuchunguzwa kwa sababu kimekuwa na makumbusho yake chenyewe kwa zaidi ya nusu karne, jambo lisilo la kawaida kwa chuo cha ngazi hiyo. Kinafaa pia kwa sababu historia yake ina sifa na lawama kwa pamoja. Chuo hicho kilipokea hazina ambayo vyuo vingi vikubwa vingeitamani, kikafuta kazi ya mmoja wa walimu wake, kisha kikarudi kuzitazama upya kazi za watu waliopita katika madarasa yake. Suala linaloongoza uhakiki huu ni moja: katika historia hiyo, ni wakati gani mwanafunzi alihesabiwa kuwa mtu wa sanaa, na si mtazamaji wake tu?

2.0 Chuo cha Jamii na Maana ya Fursa

Chuo cha jamii nchini Marekani ni taasisi ya umma inayotoa masomo ya miaka miwili ya mwanzo ya elimu ya juu pamoja na mafunzo ya kazi. Chuo cha Joliet katika jimbo la Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1901, ndicho hutajwa kuwa cha umma cha kwanza cha aina hiyo. Jina lenyewe, chuo cha jamii, lilienea baada ya tume iliyoundwa na Rais Harry Truman kulipendekeza mwaka 1947. Mfumo wa California, wenye vyuo 116, ndio mkubwa kuliko yote nchini humo. Vyuo hivyo hupokea karibu kila mtu mzima anayetaka kusoma, na ada yake ni ndogo ikilinganishwa na ya vyuo vikuu.

Kwa msomaji wa Tanzania, taasisi hizi zisichanganywe na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vililenga stadi za maisha na elimu ya watu wazima, ilhali chuo cha jamii cha Marekani ni ngazi ya kwanza ya elimu ya juu, na mwanafunzi anaweza kutoka hapo akaingia mwaka wa tatu wa chuo kikuu. Hata hivyo, aina hizi mbili zinashirikiana jambo moja: zimewekwa kwa ajili ya watu ambao milango mingine ilikuwa mizito kwao.

Hapo ndipo neno fursa linapopata uzito. Mwanafunzi wa chuo cha jamii mara nyingi hufanya kazi, hulea, na husafiri kila siku kutoka nyumbani. Haishi chuoni. Muda wake wa kukutana na sanaa ni ule uliobaki kati ya kipindi kimoja na kingine. Kwa hiyo kazi ya sanaa isiyokuwa njiani mwake, kwa kawaida, haimo katika maisha yake. Aidha, muda wake wa kuwa mwanafunzi ni mfupi. Fursa inayokuja baada ya miaka thelathini haimkuti.

3.0 Kiunzi cha Uhakiki: Fanani na Hadhira

Katika fasihi simulizi, fanani ni mtu anayetunga na kuwasilisha kazi, na hadhira ni wale anaowawasilishia. Uhakiki wa Kiswahili umesisitiza kwamba mpaka kati ya pande hizi mbili si ukuta. Hadhira huitikia kianzio cha hadithi, huimba kiitikio, humrekebisha msimulizi aliyekosea, na mtu aliyekuwa akisikiliza jana huweza kuketi katika kiti cha msimulizi leo. Utendaji usiomruhusu msikilizaji hata kuitikia huhesabiwa kuwa umepungukiwa.

Dhana hizi zimechukuliwa kutoka sanaa ya mdomo, na kuzihamishia katika makumbusho kunahitaji tahadhari. Katika makumbusho fanani mara nyingi hayupo, pengine amekufa karne nyingi zilizopita, na hadhira hutakiwa kunyamaza na kutogusa. Hata hivyo, kinachochunguzwa hapa si malighafi ya sanaa bali mahusiano ya watu kuizunguka. Kwa msingi huo, makala yanatofautisha hatua tatu za fursa. Ya kwanza ni kuona, ambapo mwanafunzi ni hadhira. Ya pili ni kutenda, ambapo anafundishwa ufundi na kujaribu mkono wake. Ya tatu ni kuonekana, ambapo kazi yake inawekwa mbele ya wengine na kuhukumiwa kama kazi. Hatua hizi hazichukuani nafasi. Chuo kinaweza kufaulu sana katika ya kwanza na kuwa dhaifu katika ya tatu.

4.0 Mwaka 1957: Zawadi na Jicho la Mtoaji

Vincent Price anajulikana zaidi kwa filamu za kutisha, lakini alikuwa amesomea historia ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Yale kabla ya kuendelea na masomo London. Baada ya kufika katika Chuo cha East Los Angeles kuzungumza na wanafunzi, alitambua kwamba walikuwa na hamu ya kujifunza sanaa lakini hawakuwa na kazi halisi za kutazama. Mwaka 1957 yeye na mkewe walikipa chuo kazi 90 kutoka mkusanyiko wao wenyewe. Mkusanyiko huo unatambuliwa kuwa wa kwanza wa kufundishia sanaa kumilikiwa na chuo cha jamii nchini Marekani. Kadiri miaka ilivyokwenda, familia hiyo iliendelea kutoa hadi kazi zikakaribia 2,000. Mwaka 2011, miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Price, makumbusho yanayobeba jina lake yalifungua milango katika jengo jipya chuoni hapo. Kuingia ni bure.

Thamani ya kitendo hicho inaonekana vizuri zaidi kinapolinganishwa na kazi nyingine ya mtu huyohuyo. Mwaka 1962 Price alianza kuichagulia kampuni ya maduka ya Sears kazi halisi za sanaa za kuuzwa kwa watu wa kipato cha kawaida. Mipango yote miwili ilitokana na imani moja, kwamba sanaa halisi isiwe mali ya matajiri peke yao. Lakini mpango wa Sears ulimfanya mtu wa kawaida kuwa mnunuzi, na ule wa chuo ulimfanya kuwa mwanafunzi. Mnunuzi huondoka na kitu kimoja. Mwanafunzi hurudi kwenye kitu kilekile tena na tena, akiwa na swali tofauti kila mara. Picha ndogo iliyochapishwa kitabuni haimwoneshi ukubwa wa kazi, unene wa rangi wala mahali ambapo mkono wa msanii ulisita. Kwa hatua ya kuona, zawadi ya 1957 ilikuwa kamili.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii inafaa kusomwa pande zote mbili. Mgeni alileta tiba, na hilo halina ubishi. Lakini ni mgeni pia aliyeamua tiba iwe nini. Miongoni mwa kazi zilizomo katika hazina hiyo ni za kale za Meksiko. Wanafunzi wengi wa East Los Angeles hutoka katika familia zenye asili ya Meksiko, kwa hiyo walikutana na kazi za ardhi ya mababu zao kupitia mkono wa mwigizaji wa Hollywood aliyezikusanya. Hilo si kosa la mtoaji, na pengine bila yeye wasingekutana nazo kabisa. Linaonesha tu mpaka wa zawadi: ilithibitisha kwamba urithi wao unastahili kuwekwa kwenye kabati la kioo, lakini haikujibu kama mikono yao wenyewe inastahili pia. Hadhira ilipewa cha kutazama. Kiti cha fanani kilibaki kwa wengine.

5.0 Mwaka 1979: Ukuta Uliopakwa Rangi Nyeupe

Roberto Chavez alizaliwa mwaka 1932 na kukulia East Los Angeles. Alisomea uchoraji katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 alifundisha katika Chuo cha East Los Angeles, wakati masomo kuhusu Wachikano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko, yalipokuwa yakianza kupata nafasi vyuoni. Katikati ya miaka ya 1970 alichora kwenye ukuta wa nje wa ukumbi wa chuo mchoro mkubwa ambao jina lake linaweza kutafsiriwa kuwa Njia ya Maarifa na Chuo Kikuu cha Uongo. Mwaka 1979 mchoro huo ulifutwa kwa kupakwa rangi nyeupe, kwa uamuzi wa uongozi wa chuo.

Kwa mtazamo wa fanani na hadhira, mchoro huu ulikuwa kinyume cha zawadi ya 1957 karibu katika kila kipengele. Fanani alikuwa mwenyeji, tena yu hai na anafundisha darasani. Kazi haikuwa na mlango wala saa za kufunguliwa; ilimkuta mwanafunzi njiani, akienda kipindini au akirudi kazini. Jina lake liliuliza swali ambalo mkusanyiko wa makumbusho hauwezi kuuliza kwa urahisi: chuo hiki kinachojiita njia ya maarifa, ni cha kweli kwa nani? Swali hilo liliandikwa kwenye ngozi ya chuo chenyewe. Mwanafunzi aliyelipita kila siku hakufundishwa historia ya sanaa peke yake. Alifundishwa kwamba mtu wa mtaa wake anaweza kuihoji taasisi kwa brashi.

Kufutwa kwake, basi, nako kulikuwa somo. Vitendo viwili vya taasisi moja vinapaswa kusomwa sambamba. Kazi zilizoletwa na mgeni zilihifadhiwa, zikaorodheshwa na kulindwa. Kazi ya mwenyeji, iliyotengenezwa papo hapo, ilionekana kuwa ni rangi juu ya ukuta, na rangi hufunikwa kwa rangi. Ni katika tofauti hii ya uangalizi, zaidi ya katika hotuba yoyote, ambapo wanafunzi wa wakati huo wangeweza kusoma ni sanaa ipi iliyohesabiwa kuwa sanaa.

Haki inataka upande wa pili uelezwe. Mwaka 2014 makumbusho ya chuo hichohicho yaliandaa maonesho ya kazi za maisha ya Chavez, na katika jina la maonesho hayo yaliweka maneno ya chuo kikuu cha uongo yaliyotoka kwenye mchoro uliofutwa. Ni taasisi chache zinazothubutu kuweka lawama dhidi yao mlangoni. Kitendo hicho kilirejesha jina la kazi, ingawa hakikuweza kurejesha kazi yenyewe. Lakini kati ya 1979 na 2014 ni miaka 35. Mwanafunzi aliyeupita ukuta mweupe akiwa na umri wa miaka ishirini alikuwa na hamsini na mitano maonesho yalipofunguliwa. Taasisi ina muda wa kujirekebisha. Mwanafunzi wa miaka miwili hana.

6.0 Mwaka 2017: Laura Aguilar Arudi Nyumbani

Laura Aguilar alizaliwa mwaka 1959 San Gabriel, si mbali na chuo. Kwa kiasi kikubwa alijifundisha mwenyewe upigaji picha, lakini alichukua masomo ya kamera katika Chuo cha East Los Angeles. Alikuwa na tatizo la kuchakata maneno anayoyasikia, na picha ikawa lugha yake. Hatua ya kutenda, kwa hiyo, chuo kilimpa. Hili lisipuuzwe katika uhakiki huu: darasa la kawaida la chuo cha jamii, lisilo na sherehe wala wageni, ndilo lililokuwa fursa kubwa kuliko tukio lolote.

Kazi zake mbili zinatosha kuonesha alichokifanya na lugha hiyo. Katika Three Eagles Flying ya mwaka 1990, yenye sehemu tatu, bendera ya Marekani iko upande mmoja na ya Meksiko upande wa pili. Katikati amesimama msanii mwenyewe, kifua wazi, uso umefunikwa na bendera ya Meksiko, kiuno kimezungushiwa ya Marekani, na kamba imemfunga shingo na mikono. Jina lake la ukoo linatokana na neno la Kihispania lenye maana ya tai, na tai ni nembo ya mataifa yote mawili. Tai watatu wametajwa, lakini wa katikati hawezi kuruka. Fani na maudhui hapa havitenganishiki: mpangilio wa sehemu tatu ndio unaobana, kabla hata ya kamba.

Kazi ya pili inahusu mada ya makala haya moja kwa moja. Katika mfululizo wa Will Work For, Aguilar alitumia kibao cha karatasi ngumu kama kile ambacho watu wasio na makazi hushika barabarani wakiomba kazi kwa malipo ya chakula. Katika picha ya nne, ya mwaka 1993, amesimama nje ya jengo lenye maandishi yanayolitambulisha kuwa ukumbi wa sanaa, na kibao chake kinasema kwamba msanii atafanya kazi ili apewe nafasi ya kuingia. Haombi fedha wala sifa. Anaomba mlango. Picha ingeweza kuwa kichekesho kama si ule mkao wake: amesimama wima, anatazama kamera, hanyenyekei. Mwombaji na mpigapicha ni mtu mmoja. Hivyo, wakati uleule anapodai kunyimwa nafasi ya fanani, tayari anaitumia.

Mwaka huohuo wa 1993 kazi zake zilioneshwa katika maonesho ya kimataifa ya Venice, Italia. Sadfa hii ina uzito wa kihakiki. Msanii anaweza kufika Venice na bado akasimama nje ya ukumbi wa mjini kwao. Maonesho makubwa ya kwanza ya kazi za maisha yake, Laura Aguilar: Show and Tell, yalifunguliwa Septemba 2017 katika makumbusho ya chuo alikosoma, yakiwa na kazi zaidi ya 100. Msimamizi wake alikuwa Sybil Venegas, mwalimu mstaafu wa chuo hicho. Jina la maonesho linatokana na zoezi la shule za msingi za Marekani, ambapo mtoto huleta kitu kutoka nyumbani, akakionesha darasani na kukieleza. Uteuzi wa jina ulikuwa sahihi, kwa kuwa ulimrudisha fanani darasani na kukiri kwamba alichokileta kilitoka nyumbani.

Hapa hatua tatu za fursa zilikutana chini ya paa moja kwa namna ambayo zawadi ya 1957 peke yake isingeweza kuzikutanisha. Mwanafunzi wa 2017 aliyeingia bure kati ya vipindi viwili hakuona tu kazi nzuri. Aliona kazi ya mtu aliyekaa katika madarasa yaleyale. Kwake kuona na kuonekana vilikuwa vimeunganishwa na jina la chuo chake. Baada ya hapo maonesho yalisafiri katika miji mingine, na chuo cha jamii kikawa chanzo cha kile ambacho makumbusho ya mbali yalikipokea. Mcheza kwao hutuzwa, na Aguilar alituzwa. Maonesho yalifungwa chuoni Februari 2018. Alifariki tarehe 25 Aprili mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 58.

7.0 Mjadala

Hoja mbili zinaweza kutolewa kupinga mwelekeo wa uhakiki huu. Ya kwanza ni kwamba sanaa huhitaji muda, na kazi ya mwanafunzi haiwezi kupewa uzito wa kazi ya msanii aliyekomaa. Hoja hii ni ya kweli, lakini inachanganya kuonekana na kutukuzwa. Hakuna anayedai mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apewe maonesho ya kazi za maisha. Anachohitaji ni ukuta, mwanga, watu wa kutazama na hukumu ya haki. Katika ngoma mtoto hupewa nafasi ya kuingia katikati ya duara kabla hajawa bingwa, na ni kwa kuingia ndipo anapoweza kuwa bingwa.

Hoja ya pili ni kwamba bila zawadi ya 1957 pasingekuwa na makumbusho, na bila makumbusho pasingekuwa na maonesho ya 2014 wala 2017. Hii nayo ni kweli, na inaonesha kwamba hatua ya kuona si ya kudharauliwa. Lakini zawadi haikuleta matokeo hayo yenyewe. Miaka 57 ilipita kati ya zawadi na maonesho ya Chavez, na katikati yake ulikuwapo ukuta uliopakwa nyeupe. Kilichobadilisha maana ya makumbusho ni watu kama Venegas, waliofundisha hapo, wakawajua wanafunzi wao kwa majina, na wakakumbuka. Hazina ya chuo cha jamii si kazi zilizomo ghalani pekee. Ni pia kumbukumbu ya waliopita. Chuo kisichotunza kumbukumbu hiyo hakina namna ya kumtuza anayecheza kwao, hata kikiwa na jengo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba fursa ya sanaa kwa mwanafunzi wa chuo cha jamii ipimwe kwa nafasi anayopewa katika uhusiano wa fanani na hadhira, badala ya kupimwa kwa wingi wa matukio. Chuo cha East Los Angeles kilifaulu mapema katika kuona, kilifaulu kwa ukimya katika kutenda, na kilichelewa katika kuonekana. Ucheleweshaji huo una gharama, na anayeilipa si taasisi. Kwa mtafiti atakayeendeleza mada hii katika vyuo vingine, mahali pa kuanzia si ratiba ya matukio. Ni kuta za chuo: kujua kazi za nani zimetundikwa, za nani zimefunikwa, na ni wangapi kati ya waliozifanya waliwahi kuziona zikitazamwa na wenzao wangali wanafunzi.